Baridi ya Arusha na hatari yake kwa stempu za kale

Na Mwandishi Wetu, Arusha

IPO dhana iliyozoeleka kwamba karatasi huharibikia Pwani, na kwamba mtu anayeishi Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hana sababu ya kuhofia unyevu. Kwa mkusanyaji wa stempu, dhana hiyo ni ya gharama kubwa.

Albamu hufungiwa kabatini mwezi Februari ikiwa kavu na safi. Zinapita mvua za masika, unapita msimu wa baridi wa kipupwe, na kabati linapofunguliwa mwezi Agosti hukutwa stempu ambazo hazijawahi kutumika zimegandana na kurasa, madoa ya kahawia yametapakaa kuzunguka meno yake, na harufu ya uvundo imejaa kabati zima.

Hasara ya namna hiyo hairekebishiki kwa urahisi. Stempu ambayo haijatumika hupimwa thamani kwa mambo kadhaa, na mojawapo la msingi ni gundi ya asili iliyo nyuma yake. Gundi ikishayeyuka na kushika karatasi nyingine, stempu hiyo haitarudi kuwa kama ilivyotoka mtamboni, hata ikibanduliwa kwa ustadi gani.

Arusha ina sababu zake za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoanza mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977, na barua za ofisi zake zilikwenda na kurudi zikiwa na stempu zilizoandikwa majina ya nchi tatu kwa pamoja: Kenya, Uganda na Tanzania. Hapa pia ndipo yalipo makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, ulioundwa mwaka 1980, ambao jengo lake jipya la ghorofa lilizinduliwa mwaka 2023.

Kwa hiyo si ajabu, katika familia ambazo mzee wao aliwahi kuwa karani, mwalimu au mtumishi wa posta, kukuta bahasha la zamani au albamu iliyojaa stempu ambazo warithi hawajui wazifanyie nini. Mara nyingi hufanya lililo jepesi kuliko yote, yaani kuziweka ndani ya sanduku la bati na kulisukuma uvunguni mwa kitanda.

Si kila kilichomo ndani ya sanduku hilo ni hazina. Kuanzia miaka ya 1980 Tanzania ilitoa stempu nyingi mno zenye picha za nyota wa filamu na muziki wa ng'ambo, dinosauria na mambo mengine yaliyowalenga wakusanyaji wa nje kuliko mtu wa kutuma barua Karatu. Hizo zinapatikana kwa wingi hadi leo.

Zipo nyingine ambazo ni vigumu kuzipata tena. Wajerumani walitoa stempu za kwanza za Afrika Mashariki yao mwaka 1893, na mwaka 1901 wakatoa zile zenye picha ya meli ya mfalme wao, ambazo thamani zake zilihesabiwa kwa pesa na rupia. Bahasha ya enzi hizo yenye mhuri wa posta ulioandikwa jina la mji kwa tahajia ya Kijerumani, "Aruscha", huwavutia wakusanyaji kuliko stempu yenyewe ikiwa peke yake.

Baada ya Waingereza kuitwaa nchi, zilitumika stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa juu yake herufi G.E.A. mwaka 1917, kisha zikafuata zile maarufu za kichwa cha twiga za mwaka 1922 zenye jina la Tanganyika. Mwaka 1964 zilitoka stempu zenye jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina lililodumu kwa miezi michache tu kabla ya Tanzania kuzaliwa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Karatasi hizo ndogo ni kumbukumbu ya historia ya nchi, na kuziacha zikaliwa na kuvu ni sawa na kuchana ukurasa wa kitabu ambacho hakitachapwa tena.

Kwa nini baridi ni adui

Kinachoiathiri karatasi si wingi wa maji yaliyomo hewani, bali ni jinsi hewa hiyo ilivyokaribia kushiba maji. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kabla ya kushiba, na hewa ya baridi hushiba upesi. Kipimo kinachotumika ni asilimia: hewa iliyoshiba kabisa ina unyevu wa asilimia 100.

Chukua mfano wa Dar es Salaam. Hewa yenye nyuzijoto 30 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 70 hubeba takriban gramu 21 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Usiku wa Julai mjini Arusha, hewa yenye nyuzijoto 15 na unyevu wa asilimia 90 hubeba gramu 11 na nusu hivi tu, karibu nusu ya ile ya Pwani. Hata hivyo, karatasi iliyo Arusha usiku huo ndiyo itakayofyonza maji mengi zaidi, kwa sababu hewa inayoizunguka iko karibu zaidi na kushiba.

Jambo la pili ni ukuta. Tuseme sebule ina nyuzijoto 20 wakati wa jioni na unyevu wake ni asilimia 70, hali ambayo mtu hataiona kuwa na ubaya wowote. Hewa hiyo ina takriban gramu 12 za maji kwa mita ya ujazo. Ikigusa ukuta wa tofali za saruji uliopoa hadi nyuzijoto 14, itakuwa imeshiba, na maji yataanza kutulia juu ya ukuta kama umande. Kabati lililoegemezwa kwenye ukuta huo litakuwa na unyevu mgongoni hata kama mlango wake, upande wa chumbani, ni mkavu.

Kiswahili hutumia neno moja, ukungu, kwa wingu linaloteremka kutoka Mlima Meru asubuhi na kwa vile vijivu vinavyoota juu ya mkate. Arusha maana hizo mbili hukutana ndani ya kabati.

Kuvu hupata nafasi ya kuota pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda. Gundi nayo hulegea katika viwango hivyo hivyo. Stempu nyingi za zamani zilipakwa gundi ya asili itokanayo na utomvu wa jamii ya migunga, na gundi hiyo hupenda maji kwa asili yake. Ndiyo maana ulimi ulitosha kuilowanisha. Uingereza ilianza kutumia gundi ya kutengenezwa viwandani katika stempu zake mwaka 1968, na aina hiyo haina pupa ya maji kiasi hicho, ingawa nayo ina kikomo.

Kiwango kinachopendekezwa kwa karatasi na stempu ni unyevu wa kati ya asilimia 40 na 50, na joto la takriban nyuzi 20. Kushuka sana nako hakufai. Hewa ikikauka chini ya asilimia 30 hivi, gundi husinyaa, stempu hujikunja na wakati mwingine gundi hupasuka nyufa. Kubadilikabadilika kwa hali, leo mvua kesho jua kali, huchosha karatasi kuliko hali moja iliyotulia.

Mlima mmoja, hali nyingi

Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560, huipa kila pande ya mji hali yake. Pepo zenye mvua hutoka upande wa Bahari ya Hindi na kuukuta mlima kwa upande wa kusini na mashariki, na huko ndiko kwenye migomba, kahawa na vijito visivyokauka. Upande wa kaskazini, kuelekea Ngarenanyuki, na ule wa Oldonyo Sambu, ni mkavu kwa kuwa mvua nyingi imekwisha kuachwa nyuma.

Kwa maana hiyo mkusanyaji anayeishi Ilboru au Sekei, karibu zaidi na miteremko, asitegemee kwamba kinachomfaa mwenzake wa Njiro, iliyo chini zaidi, kitamfaa na yeye. Njia ya uhakika ni kupima. Vipimaunyevu vidogo vya kielektroniki, vyenye kuonyesha joto na unyevu kwa pamoja, si ghali siku hizi, na kimoja kikiwekwa ndani ya kabati lenyewe, si sebuleni, kitasema ukweli.

Vipimo hivyo hukosea, na kuna njia rahisi ya kuvikagua. Chumvi ya mezani huwekwa kwenye kifuniko cha chupa, ikalowanishwa kwa maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, kisha ikafungiwa pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Hewa iliyomo ndani itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 80, mwenye nacho atajua kwamba kinazidisha kwa tano.

Mahali pa kuweka

Albamu isiwekwe sakafuni, wala uvunguni, wala kwenye kabati la ukuta linalopakana na nje. Ukuta wa ndani, unaotenganisha vyumba viwili, hupoa kidogo kuliko ule unaopigwa na mvua. Kabati lenyewe lisogezwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma yake. Rafu ya juu kabisa chini ya bati lisilo na dari nayo haifai, kwa sababu mchana huko huwa joto na usiku baridi.

Jiko na bafu vinajulikana kwa mvuke, lakini kuna chanzo kingine kisichofikiriwa. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa njia ya mvuke, na gesi ya kupikia nayo hutoa mvuke mwingi. Nyumba inayopikia ndani na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi ya Juni hujinywesha maji bila wenyewe kujua. Kwa karatasi, dirisha lililofunguliwa wakati wa kupika lina faida kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa baadaye.

Albamu zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine. Uzito wa albamu tano ndio unaoibana stempu yenye gundi iliyolegea hadi ishikane na ukurasa. Zisibanwe pia kwa pembeni. Mkono uweze kuingia na kutoa moja bila kuvuta nyingine.

Kwa mwenye mkusanyo mdogo, suluhisho lisilo na gharama kubwa ni kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana kama yale ya kuhifadhia chakula. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kasha linalobana huhifadhi hewa ile ile iliyokuwamo lilipofungwa. Likifungwa usiku wa Aprili mvua ikinyesha, limehifadhi mvua. Wakati wa kulifunga ni alasiri ya Januari au Februari, saa nane hadi saa kumi, jua likiwa limepasha hewa na unyevu ukiwa umeshuka, baada ya albamu kukaa wazi kivulini kwa siku kadhaa. Kivulini, kwa sababu jua la moja kwa moja hupausha rangi, na rangi iliyopauka hairudi.

Ndani ya kasha huwekwa silika, zile chembe zinazofyonza maji. Hufyonza hadi robo ya uzito wake au zaidi, kisha hushiba na kuacha kufanya kazi. Vile vifuko vidogo vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitunza kwa matumaini, aghalabu vimekwisha kushiba tangu dukani. Inafaa kununua silika yenye rangi inayobadilika ikishiba. Ile inayotoka rangi ya chungwa kwenda kijani inapendekezwa kuliko ya buluu inayogeuka waridi, kwa kuwa ya buluu ina kemikali ya kobalti yenye madhara kwa afya. Ikishashiba, chembe hutandazwa kwenye sinia la bati na kukaushwa ndani ya oveni kwa muda wa saa mbili au tatu, kwa kufuata kiwango cha joto kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha zikatumika tena.

Mchele, ambao wengi huuweka ndani ya kikopo cha chumvi, hausaidii sana kwenye stempu na huleta fukusi. Dawa ya nondo ya vidonge vyeupe nayo iachwe kwa nguo. Mvuke wake hudhuru baadhi ya plastiki za albamu, na hauondoi unyevu hata kidogo. Mende na wale wadudu wembamba wenye magamba ya rangi ya fedha, ambao chakula chao ni wanga na gundi, hukimbia pakavu na pasafi.

Albamu zenyewe zichunguzwe. Kurasa za karatasi duni zina tindikali inayozigeuza stempu kuwa za njano. Mifuko laini ya plastiki ya PVC, ile yenye harufu kali ikiwa mpya, hutoa vilainishi vyake polepole na kuiacha stempu ikiwa na mafuta. Mifuko ya poliesta au polipropilini ni salama. Stempu zenye gundi zitenganishwe kwa karatasi laini nyembamba inayong'aa, isiyoshika gundi, na zishikwe kwa kibanio, kwani kidole kina jasho na mafuta.

Madhara yakishatokea

Albamu iliyoota kuvu itengwe na nyingine siku hiyo hiyo. Haifai kuipangusa ikiwa na unyevu, maana vumbi la kuvu hupakaa na kuingia ndani ya karatasi. Ikaushwe kwanza mahali penye hewa, kisha vumbi liondolewe kwa brashi laini nje ya nyumba, anayefanya kazi hiyo akiwa amefunika pua na mdomo.

Stempu zilizogandana hazivutwi. Huwekwa juu ya wavu mdogo ndani ya kasha lililofungwa, chini yake pakiwa na sponji yenye maji, bila stempu kuyagusa maji hayo. Baada ya saa chache unyevu huilegeza gundi na stempu huachana taratibu, ingawa gundi haitabaki kama ilivyokuwa. Kuzitumbukiza ndani ya beseni la maji ni hatari zaidi, hasa kwa stempu za enzi za wafalme George wa Tano na wa Sita. Baadhi yake zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chokaa, kwa wino uliokusudiwa kuyeyuka ili mtu asiweze kufuta mhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Hila hiyo dhidi ya walaghai wa miaka hiyo huwaadhibu warithi wa leo.

Madoa ya kahawia yana dawa zilizotumiwa na wakusanyaji wa zamani, nyingi zikiwa za jamii ya klorini. Husafisha kweli, na hudhoofisha karatasi pia. Stempu ya thamani ni heri ibaki na doa lake.

Maji yakiingia ndani, iwe kwa paa kuvuja au mfereji kufurika, muda ni mfupi: kuvu huweza kuanza ndani ya siku mbili. Asiyeweza kuzikausha zote kwa wakati azifunge ndani ya mifuko ya plastiki na kuziweka kwenye friza. Baridi ya namna hiyo husimamisha kuvu, na mwenye mali hupata nafasi ya kuzishughulikia chache chache.

Lipo pia suala la safari. Kasha lililotoka Arusha asubuhi ya Julai na kufika Dar es Salaam lingali na ubaridi wake, likifunguliwa papo hapo kwenye hewa ya joto ya Pwani, umande hutulia juu ya stempu kama unavyotulia juu ya chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu. Liachwe limefungwa hadi siku ya pili, lilingane na joto la chumba, ndipo lifunguliwe.

Kwa mkazi wa Arusha anayetaka kuanza, ukaguzi ufanyike mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, silika ikiwa imekaushwa upya, na tena mwezi Septemba baridi inapoanza kuachia. Katikati ya miezi hiyo kasha halifunguliwi kwa udadisi, bali kipimaunyevu kilichomo ndani husomwa kupitia plastiki, na kikipita asilimia 60 silika ibadilishwe mchana wa kwanza wenye jua.